Mzaha Mzaha Hutumbua Usaha

Kati ya mambo yote ambayo televisheni imeyaingiza katika nyumba zetu, hakuna linalopokewa kwa moyo mweupe kama mchezo wa kuchekesha. Habari mtu huzisikiliza akiwa na mashaka. Hotuba huisikiliza huku mikono ina kazi. Lakini mchezo wa kuchekesha huutazama akiwa ameweka silaha zote chini. Watoto huketi mkekani, wazee huvuta viti, na jirani asiye na televisheni hubisha hodi. Kwa muda wa nusu saa hakuna anayebishana na mchezo. Ndiyo maana yafaa tujiulize, kwa utulivu na bila chuki, ni mambo gani yanayoingia vichwani mwetu katika nusu saa hiyo, na ni mangapi kati yake yaliyo ya kweli.

Ndugu zetu wa Unguja na Pemba ni wakongwe katika jambo hili. Wao walipata televisheni, tena ya rangi, mapema katika miaka ya 1970, ilhali Bara ilingoja hadi mwaka 1994 ndipo vituo vya watu binafsi vikaanza kurusha matangazo, na televisheni ya Taifa ikafuata mwaka 2000. Majirani zetu wa Kenya walikuwa wametangulia kwa michezo ya Vitimbi na Vioja Mahakamani. Nasi baadaye tukapata yetu: Mizengwe, Orijino Komedi, na huku Kanda ya Ziwa kundi la Futuhi lililoonekana katika Star TV ya Mwanza. Leo hakuna kijiji chenye umeme, kuanzia Lamadi hadi Mwanhuzi, kuanzia Nansio hadi Ukara, ambacho hakina wacheshi wake wa televisheni wanaojulikana kwa majina. Hilo ni jambo la kujivunia. Lakini kila chenye nguvu chastahili kupimwa, na vicheko vina nguvu.

Makosa yanayoonekana katika michezo hii ni ya aina mbili, na aghalabu huchanganywa. Aina ya kwanza ni makosa ya mwendelezo. Mchezo wa televisheni haurekodiwi kwa mpangilio tunaouona. Maonyesho yote ya sebuleni hurekodiwa siku moja, ya sokoni siku nyingine, ya njiani siku ya tatu, kisha mhariri akayaunga yakawa hadithi moja. Kwa hiyo mtu anayetoka mlangoni akiwa na shati la buluu huenda akatokea uani, dakika ile ile ya hadithi, akiwa na shati la kijani. Maana kati ya mlango na uani zimepita wiki mbili. Kikombe cha chai kilichokwisha hujaa tena bila mtu kumimina. Bandeji huhama kutoka mkono wa kushoto kwenda wa kulia. Jua huzama, kisha likachomoza kidogo ili mazungumzo yamalizike. Vikundi vyenye fedha huajiri mtu wa kutunza mwendelezo, ambaye kazi yake ni kuandika daftarini na kupiga picha, ili ajulikane nani alivaa nini, alishika nini, na alisimama wapi.

Hata nchi tajiri hazikuepuka makosa hayo. Katika mchezo wa Marekani uitwao Happy Days, ulioonyeshwa kuanzia mwaka 1974 hadi 1984, kijana mkubwa wa familia, Chuck, alitoweka bila maelezo yoyote, na baadaye wazazi wake wakazungumza kana kwamba walijaliwa watoto wawili tu. Mchezo mwingine wa huko, M*A*S*H, ulihusu madaktari wa jeshi katika Vita vya Korea. Vita hivyo vilianza mwaka 1950 na mapigano yakakoma mwaka 1953. Lakini mchezo uliendelea kuanzia mwaka 1972 hadi 1983. Vita vya miaka mitatu vikapiganwa kwa miaka kumi na mmoja, na madaktari wakaota mvi katika vita ambavyo kwa hesabu ya kalenda vilikwisha zamani.

Makosa ya namna hii yana ubaya wake, lakini ubaya huo ni kwa mchezo wenyewe. Katika Papa Shirandula, mchezo wa Kenya ulioongozwa na mwigizaji Charles Bukeko aliyefariki mwaka 2020, kichekesho kikuu kilitokana na mlinzi anayemficha mkewe kazi anayoifanya. Mchezo kama huo husimama juu ya daftari: nani anajua nini, na amekijua tangu lini. Mke akigundua leo, na wiki ijayo akawa hajui tena, kicheko kimekufa na mtunzi amepoteza mtazamaji. Lakini hakuna mlinzi wa kweli aliyepata hasara kwa kosa hilo. Mtazamaji atacheka, atamnyoshea kidole mtunzi, na mambo yataishia hapo.

Aina ya pili ni makosa ya ukweli, nayo ndiyo sababu ya makala hii. Kosa la mwendelezo huonekana kwa kuwa linabadilika: shati lilikuwa la buluu, sasa ni la kijani, na hata mtoto huona. Kosa la ukweli halionekani kwa kuwa halibadiliki. Mtunzi akikosea desturi ya watu fulani katika sehemu ya kwanza, mtunza mwendelezo ataliandika kosa hilo daftarini kwa uaminifu, na atahakikisha kwamba linarudiwa vile vile katika sehemu ya pili, ya kumi na ya hamsini. Baada ya mwaka mmoja uongo huo umekuwa sura ya watu hao. Anayeweza kuugundua ni mwenyeji peke yake, na mwenyeji hakuulizwa.

Tuchukue mfano wa mkoa wetu. Simiyu ulitangazwa kuwa mkoa mwezi Machi 2012. Bariadi, Maswa na Meatu zilitoka Mkoa wa Shinyanga. Itilima ilimegwa kutoka Bariadi. Na Busega ilitoka Magu, Mkoa wa Mwanza. Mtunzi anayeandika leo kwamba mhusika wake amewasili kutoka "Bariadi, Shinyanga" amechelewa zaidi ya miaka kumi. Hilo ni kosa dogo. Kubwa zaidi ni pale mkulima wa mchezo anapokuja mjini mwezi Desemba akiwa na kitita cha fedha za pamba. Desemba ni mwezi wa kupanda. Pamba ya ukanda huu hupandwa kuanzia Novemba, huvunwa kiangazi, na fedha yake huonekana katikati ya mwaka. Mwezi Desemba mkulima wa Itilima mfuko wake umetoboka, na yuko shambani na jembe. Anayemwonyesha akitapanya noti wakati huo anawafundisha watazamaji, na miongoni mwao wamo maofisa wa serikali wanaopanga mambo ya mkulima, kwamba mkulima wa pamba ana fedha wakati ambapo hana hata ya ada ya shule.

Ngoma nazo hupata taabu hiyo hiyo. Inatosha mhusika atajwe kuwa Msukuma, mara nyoka huletwa. Usukuma una vyama vya ngoma vyenye historia ndefu. Viwili vikubwa, Bagika na Bagalu, asili yake ni waganga wawili washindani, Ngika na Gumha, na hadi leo mashindano yake hufanyika baada ya mavuno. Wanaojulikana kwa nyoka ni Bayeye. Bagobogobo wanajulikana kwa jembe. Bununguli asili yao ni wawindaji wa nungunungu. Kumpa kila mchezaji nyoka ni sawa na kumvisha kila mtu wa pwani joho la kadhi. Tena si kila mtu wa Simiyu ni Msukuma. Meatu wamo Wataturu, na wamo Wahadzabe, ambao lugha yao haina undugu na lugha za Kibantu. Na Wasukuma wenyewe hawasemi kwa lafudhi moja: Mnyantuzu wa Bariadi humtambua mtu wa Mwanza kabla hajamaliza salamu.

Watu wa visiwa wana malalamiko yao, na ni ya haki. Ng'ambo ya Ghuba ya Speke, mbele ya Busega, ndiko kuna Ukerewe na Ukara. Katika michezo mingi ya kuchekesha kila mtu wa Ziwa ni mvuvi, na kila mvuvi husema Kiswahili cha Msukuma, akiweka "l" mahali pa "r". Msukuma wa kijijini huenda akasema hivyo, kwa sababu ulimi wa lugha yake haukuzoea "r". Lakini Kikerewe kina "r", na Wakara na Wajita wana lugha zao. Mwigizaji anayempa Mkerewe ulimi wa Msukuma amefuta watu wawili kwa mpigo mmoja.

Kisha kuna kichekesho cha mtumbwi: abiria wanajazwa, mbuzi wanaingizwa, maji yanachungulia ukingoni, nahodha anapiga porojo, na mwisho wote wanafika salama wakicheka. Watu wa Ukara wanaujua mwisho wa kweli. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kikiwa kimebeba watu kupita uwezo wake, kilipinduka karibu na kisiwa chao, na zaidi ya watu 220 wakapoteza maisha. Chombo kilichojazwa hivyo hakifiki kwa sababu tu nahodha ni mcheshi. Mtoto aliyekwisha kumwona akifika mara ishirini katika televisheni ataogopa nini siku atakapopanda chombo cha ishirini na moja?

Lakini kosa lililo zito kuliko yote katika sehemu zetu ni lile la bibi kizee mwenye macho mekundu. Kila mtazamaji anamjua. Amekaa mlangoni pa nyumba ya nyasi, amejifunika kaniki, macho yake ni mekundu kama kaa la moto, na kila apitapo watoto hukimbia. Mwishowe inadhihirika kwamba ni mchawi, na watu wanaangua kicheko. Mtunza mwendelezo anajitahidi kweli kweli kuhakikisha kwamba wekundu wa macho haupungui kutoka onyesho moja hadi jingine.

Sasa tutazame ukweli. Nyanda za Usukuma zilifyekwa miti tangu enzi za ukoloni, kwa ajili ya kumfukuza mbung'o na kupanua mashamba. Kuni zikawa adimu, na akina mama wengi wakawa wanapikia samadi kavu na mabua katika jiko lisilo na dirisha. Mwanamke aliyeinama juu ya moshi huo kwa miaka arobaini au hamsini macho yake huwa mekundu. Hiyo ni alama ya kulea: kila mboni iliyoungua ni ugali uliopikwa. Na kwa alama hiyo hiyo bibi zetu wamekatwa mapanga katika mikoa ya Shinyanga, Mwanza na, tangu ulipoanzishwa, Simiyu.

Serikali yetu inalijua jambo hili kwa uchungu. Katika miaka ya 1970 mauaji ya watu waliodhaniwa kuwa wachawi yalizidi katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, na wakati huo ardhi yote ya Bariadi, Maswa na Meatu ilikuwa ndani ya Shinyanga. Katika msako wa kuwatafuta wauaji, watuhumiwa waliteswa na baadhi yao wakafa mikononi mwa vyombo vya dola. Mwaka 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi, Ndugu Ali Hassan Mwinyi, aliwajibika kwa kujiuzulu, ingawa hakuna aliyesema kwamba yeye mwenyewe alimgusa mtu. Huyo ndiye aliyekuwa baadaye Rais wa Zanzibar, kisha Rais wa Jamhuri ya Muungano kuanzia mwaka 1985 hadi 1995. Ikiwa mtu wa Visiwani aliweza kuacha uwaziri kwa sababu ya damu iliyotokana na uchawi wa kudhaniwa huku kwetu, je, ni jambo kubwa mno kumwomba mtunzi wa vichekesho aache rangi nyekundu?

Tunajua jibu litakalotolewa: kwamba huo ni mchezo tu, na kila mtu anajua ni mchezo. Jibu hilo halisimami. Mwezi Julai 1993 Radio Tanzania Dar es Salaam ilianza kurusha Twende na Wakati, mchezo wa kuigiza uliohusu uzazi wa mpango na UKIMWI. Ulikuwa wa redio, wala haukukusudiwa kuchekesha tu, lakini ulikuwa mchezo kama michezo mingine: dereva wa lori Mkwaju na uhuni wake wa njia kuu, na mkewe Tunu aliyechoka kuvumilia. Watunzi hawakuanza na kalamu. Kwanza ulifanywa utafiti miongoni mwa wananchi, ndipo hadithi ikaandikwa. Na kwa kuwa eneo la Dodoma halikurushiwa mchezo huo hadi mwaka 1995, watafiti waliweza kulinganisha. Waliona kwamba mahali mchezo uliposikika watu walibadilika zaidi, katika kupanga uzazi na katika kujikinga na maradhi. Ikiwa mchezo wenye ukweli unaweza kumpeleka mtu kliniki, mchezo wenye uongo unaweza kumpeleka mahali pengine.

Litatolewa na jibu la pili: kwamba sisi ni watu wa utani, na utani ni mali yetu ya asili. Hapo tunakubaliana kabisa, na hapo ndipo hoja yetu inapopata nguvu. Mtani halisi huja msibani akaigiza mwendo wa marehemu, ubahili wake na namna alivyokuwa akikohoa, hata wafiwa wakacheka huku machozi yanawatoka. Wanacheka kwa sababu amepatia. Mtani anawajua watu anaowatania. Ameishi nao, amekula nao, ameoza na kuoa kwao. Angeigiza marehemu mwingine wangemfukuza. Utani ni elimu ya jirani, na anayetania asiowajua hajafikia daraja la utani. Waingereza walijifunza jambo hilo kwa mchezo wao uitwao Mind Your Language, ulioanza mwaka 1977 na kupendwa hata katika nchi zetu. Ulimpa kila mgeni darasani kasoro moja ya taifa lake, na ukasimamishwa mwaka 1979 kwa kuonekana kuwa unadhalilisha watu, ingawa watazamaji walikuwa wengi.

Hatuombi sheria mpya. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ipo tangu mwaka 1976, na kanuni za maudhui ya utangazaji zipo chini ya Mamlaka ya Mawasiliano. Lakini hakuna sheria inayoweza kumfundisha mtunzi msimu wa pamba. Tunachoomba ni maarifa, na maarifa hayo yapo, tena bila malipo makubwa.

Kwanza, kila kikundi cha michezo, hata kiwe na watu watano, kiwe na daftari. Ndani yake yaandikwe mavazi na umri wa wahusika, na pia wilaya ya mhusika, lugha yake, kazi yake na kalenda ya kazi hiyo. Pili, watunzi wawatafute maofisa utamaduni wa halmashauri zetu. Mtu anayetaka kuigiza Meatu na apige simu Meatu. Nao viongozi wa mkoa na wilaya wasingoje kuulizwa. Wawaandalie watunzi maelezo mafupi juu ya watu, ngoma, kilimo na desturi za mahali, na wayapeleke kwenye vituo vya televisheni. Tatu, mwenyeji asomewe mchezo kabla haujarekodiwa, na ikiwezekana apewe nafasi ya kuigiza. Vijana wenye vipaji wapo Bariadi na wapo Nansio. Hawana haja ya mtu wa kuwaigizia lafudhi yao.

Watunzi wanaodhani kwamba ukweli huua kicheko wana mfano mzuri kisiwani Ukerewe. Aniceti Kitereza alimaliza kuandika hadithi ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na ikachapishwa mwaka 1980, mwaka mmoja kabla hajafariki. Humo kuna ndoa, wakwe, pombe, ugonjwa, uganga na kilimo, na kila jambo limewekwa na mtu aliyelijua. Kicheko kimo tele, wala hakikuhitaji kumdhulumu mtu yeyote.

Nasi watazamaji tuna wajibu wetu. Tumezoea kuandika barua pale tu tunapotukanwa waziwazi. Tuandike pia pale tunapokosewa kwa upole, tukieleza kosa liko wapi na ukweli ni upi, kwa lugha ya heshima. Kituo cha televisheni kikipata barua kumi kutoka Itilima juu ya mkulima mwenye noti za Desemba, mwaka unaofuata mkulima huyo atapewa jembe.

Kuhusu bibi mwenye macho mekundu, tusingoje barua. Viongozi wa vijiji na kata, walimu, na wote wanaotazama pamoja na watoto, wawaambie watoto usiku ule ule, mara mchezo unapokwisha, kwa nini macho ya bibi yao ni mekundu. Wakiisha kuwaambia, wamtafutie bibi huyo jiko lenye bomba la kutolea moshi.